Siku Shemeji Aliposema Hasikii

Kwanza nikueleze shemeji yangu ni mtu wa namna gani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nilicheka, wala kwa nini niliacha kucheka.

Amemuoa mdogo wangu. Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Pua, na usidhani ana pua kubwa. Ni pua ya kawaida, imelalia kushoto kidogo. Jina ni la kazi. Shemeji ni fundi wa magari, na kwa miaka ishirini na miwili ametengeneza magari kwa kunusa. Mafundi wengine wanasikiliza injini, wengine wanachomeka kile kidude cha kompyuta kinachosoma makosa. Yeye analizunguka gari mara moja tu, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, pua mbele, halafu anakwambia: hapa oili inadondokea bomba la moto, hapa breki inaungua, hapa petroli.

Siku moja aliingia mtu gerejini kuomba maji ya kunywa, mpita njia tu. Pua akamwangalia akinywa, akasema, "Ndugu, gari lako linavuja petroli nyuma, upande wa kulia." Yule mtu nusura apaliwe. Gari lenyewe alikuwa ameliacha barabara ya tatu. Pua alikuwa amenusa suruali. Mimi nilikuwepo, sitii chumvi. Labda ilikuwa barabara ya pili.

Mimi nashona viti vya magari. Banda langu na gereji yake vinagawana ukuta mmoja wa mabati, na ukuta una tundu ambalo tunapitishiana spana, mkasi na matusi. Kwa hiyo mambo yake yote nayajua, au nilidhani nayajua.

Sasa kuna mashine. Mdogo wangu aliinunua kwa fundi mmoja aliyekuwa anastaafu, akamletea mumewe kama zawadi. Ni mashine ya moshi. Unaunganisha mpira wake kwenye gari, inapuliza moshi mweupe ndani ya mabomba, na popote penye ufa moshi unachungulia. Pua aliitazama kama mtu aliyeletewa mkongojo na miguu anayo. "Mimi na pua yangu hii?" akasema. Akaiweka kwenye kona, nami nikaishonea mto mzuri wa juu, ikawa kiti cha wateja. Kiti kizuri kweli. Watu wamekikalia miaka minne bila kujua wanakalia nini.

Jumatatu moja akaja Mama Maktaba. Huyo ni mkutubi, anaongea kwa sauti ya watu walio katikati ya vitabu, ukitaka kumwelewa unainama. Ana kigari kidogo cha siku nyingi, na mwaka huohuo nilikuwa nimemshonea kiti cha nyuma.

"Fundi," akasema, "nasikia petroli. Nikijaza tenki, gari likakaa juani, nikifungua mlango nasikia petroli. Na hii taa ya injini imewaka."

Pua akalizunguka gari. Akavuta hewa mbele, akavuta hewa nyuma. Akalala chini na tochi, akatoka.

"Mama, chini kukavu kabisa. Gari safi." Akashika kofia ya tenki, akaizungusha, ikalia *kat*. "Ona, hukuifunga mpaka mwisho. Petroli kwenye joto inatoa mvuke kama sufuria. Ule mvuke hautakiwi kutoka nje. Unapita kwenye mpira, unakwenda kukaa kwenye kopo lenye mkaa, halafu injini inauvuta na kuuchoma. Gari linajipima lenyewe. Likiona kuna mahali linavujisha mvuke, linakuwashia taa. Na mara nyingi ni kofia tu."

Hapo hakusema uongo. Mara nyingi ni kofia. Akaizima taa.

"Lakini fundi, bado nasikia," akasema Mama Maktaba.

"Hiyo ni ya jana, imebaki kwenye vitambaa."

Nami, mdomo wangu huu, nikapenyeza neno kwenye tundu la ukuta: "Mama, mwenye pua keshasema. Sisi wengine tunapumua tu!"

Akacheka kwa adabu. "Basi vizuri," akasema. "Maana Ijumaa namchukua binti yangu hospitali. Amejifungua. Mjukuu wangu wa kwanza." Akaondoka.

Ijumaa asubuhi nikiwa nakata sponji, akaingia mdogo wangu, kanga ameifunga kwa hasira.

"Kaka, mwenzako amekuwa kiziwi."

"Nani?"

"Kwani nina waume wangapi? Jana mchana nimebandika maharage, nikamwambia nakwenda kwa jirani mara moja. Nimerudi, moshi unatoka dirishani, sufuria imekuwa nyeusi kama tairi. Yeye yuko sebuleni, mlango wa jikoni ameufunga, anasoma gazeti. Nikamuuliza, wewe husikii? Akasema, sisikii. Nikapaza sauti, HUSIKII? Akasema, mke wangu, sisikii. Na chozi likamtoka."

"Chozi?"

"Miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona analia. Hata timu yake iliposhuka daraja hakulia. Nami siku zote nilidhani ni ule ukiziwi wenu wa kawaida, nikisema bomba linavuja hanisikii, nikisema chakula tayari anasikia. Kumbe ni wa kweli. Mpeleke kwa daktari wa masikio. Wewe atakukubalia."

Nikaweka mkasi chini, nikazunguka ukuta. Nikamkuta ameinama ndani ya boneti. Nikasogea mpaka kwenye sikio lake.

"SHEMEJI! UMEAMKAJE?"

Akajigonga kichwa kwenye boneti mpaka gari likatikisika. "Una wazimu?"

"NIMEAMBIWA HUSIKII!"

"Punguza sauti, watu wanatazama."

"TANGU LINI?"

"Tangu yale mafua ya wiki tatu zilizopita."

"MAFUA YANAINGIA MASIKIONI?"

"Nani kataja masikio?" Akaweka kidole chenye grisi juu ya pua. "Ni huku. Huku ndiko sisikii."

Hii lugha yetu ndivyo ilivyo, pua na masikio tumevipa neno moja. Unasikia muziki, unasikia harufu, unasikia baridi na njaa juu yake. Mtu akisema hasikii, ni kazi yako kujua kipi kimekufa. Mdogo wangu alikuwa amelala na mgonjwa wa pua wiki tatu, na sasa anamlilia masikio.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Pua asiyesikia harufu! Ni sawa na kinyozi mwenye kutetemeka mikono. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye petroli, nikampelekea puani. "Hii je?"

"Hamna."

"Hii je?" Nikavua kiatu.

"Shemeji, hamna. Natamani hata hicho." Akakaa kwenye ule mto niliomshonea. "Wiki tatu naigiza. Nazunguka gari, nachezesha pua, halafu nabahatisha. Natazama plagi, nashika mabomba, namchokonoa mteja kwa maswali mpaka ataje ugonjwa mwenyewe. Kila asubuhi naamka nanusa sabuni, nasema labda leo. Niseme nini kwa watu? Jina langu ni Pua. Pua ikiondoka, anayebaki hapa ni nani?"

Nilikuwa bado nafuta machozi ya kicheko, nikamuuliza bila kufikiri, kwa utani tu, "Sasa gari la Mama Maktaba Jumatatu ulilinusa na nini? Na goti?"

Nikamwona anabadilika rangi, kama shati linalofuliwa.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Ijumaa."

Sote wawili tukasimama.

Ngoja nikueleze tulichokiona akilini, maana kilikuwa kimoja. Mtoto wa siku nne ndani ya kigari, vioo vimefungwa ili upepo usimpige, jua la saa sita, tenki limejaa, na mvuke wa petroli unaingia polepole kwenye pumzi zake. Hapo hujataja cheche. Na bibi yake ananusa, anasikia, lakini anajiambia fundi amesema gari safi.

Tukampigia simu. Ikaita mpaka ikakata. Tukapiga mara kumi na moja. Mkutubi, bwana! Simu yake haijawahi kulia tangu aiwashe.

Tukaingia kwenye pikapu yangu. Njiani nikamwambia, "Tukifika, mwambie tu unataka kulicheki tena. Mambo ya pua usiyamwage, hakuna haja." Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Taa nyekundu ya barabarani ilitukalisha mpaka nikaanza kuitukana kwa jina la mama yake.

Kwenye maegesho ya hospitali tukakiona kigari. Mama Maktaba anapakia mfuko kwenye buti. Binti yake amesimama mlango wa nyuma, taratibu kama mtu aliyeshonwa, kifurushi cheupe mikononi. Mlango wa nyuma uko wazi. Mguu mmoja wa binti umeshaingia.

Pua aliruka kabla sijasimamisha.

"Mama! Usimwingize mtoto! Usimwingize!"

Binti akarudi nyuma. Mama Maktaba akageuka, mkono kifuani. "Fundi? Kuna nini?"

Nilikuwa nyuma ya Pua, nikamvuta shati kumkumbusha nilichomwambia njiani. Akanipiga kofi mkononi bila kugeuka.

"Mama, Jumatatu nilikudanganya. Pua yangu imekufa. Sisikii harufu yoyote, hata moshi wa jikoni kwangu. Nilikwambia gari safi, na sikujua kama ni safi. Niliona aibu kusema."

Mama Maktaba akafunga buti. Nikajiandaa kwa tusi, la sauti ndogo lakini la kitabuni.

"Kwa hiyo petroli ipo?" akauliza.

"Sijui. Wewe unasikia?"

"Nasikia kila siku!" Ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yake kutoka mbali. Akakaa kwenye ukingo wa lami. "Wiki nzima nimejiona mimi ndiye mgonjwa. Nimewauliza wenzangu kazini kama nguo zangu zinanuka, wamesema hapana. Nikasema basi ni uzee, akili inaniondoka, na mjukuu ndiyo kwanza anakuja. Nimekunywa vidonge vya kichwa, fundi. Kumbe niko mzima."

Na akaanza kucheka, huku anajifuta macho. Pua akabaki amesimama hajui mikono aiweke wapi. Alikuja kutukanwa, amekuta mtu anamshukuru Mungu.

Binti hakuwa na muda wa hayo. "Sasa mtoto anapanda nini?"

Nikafungua mlango wa pikapu yangu kwa madaha. Binti akaingiza kichwa, akakitoa haraka. "Hili linanuka gundi mpaka macho yanawasha! Nyinyi wawili mnafaa kufungiwa." Mumewe akawa anatoka ndani na karatasi za kuruhusiwa, tukawaitia teksi. Mama Maktaba akaikagua ile teksi kwa pua yake mwenyewe, mbele na nyuma, dereva ameduwaa, ndipo akaruhusu mjukuu aingie. Teksi ilipoondoka, shemeji alishusha pumzi ndefu kama tairi linalotolewa upepo.

"Mama, na wewe nenda nyumbani," nikasema.

"Niende wapi? Nyinyi hamna pua hata mmoja," akasema, akapanda pikapu yangu na leso mdomoni.

Pua alikiendesha kigari mpaka gerejini, vioo vyote chini, polepole kama anabeba mayai. Tukakiweka nje peupe, mbali na mtu wa kuchomelea vyuma. Nikavua mto wangu, tukaifuta vumbi ile mashine. Karatasi ya maelekezo ilikuwa bado kwenye nailoni, maandishi madogo kama chawa. Mimi nimeishia darasa la saba na miwani sina. Pua alikuwa na aibu ya kuisoma. Mama Maktaba akaichukua.

"Hatua ya kwanza," akasoma, "funga njia ya kuingizia hewa kwenye kopo la mkaa."

"Mama, kwa sauti kidogo."

"FUNGA NJIA YA HEWA," akasoma, na mtaa mzima ukageuka. "Hatua ya pili. Tumia mgandamizo mdogo. Mgandamizo mkubwa unaweza kupasua tenki."

"Yaani puliza kama unapoza chai," nikamfafanulia shemeji.

"Nimeelewa, Sponji. Kaa mbali." Ndivyo anavyoniita, kwa kazi yangu.

Mashine ikakohoa, ikaanza. Kwenye kofia ya tenki, hamna moshi. Chini ya gari, hamna. Kwenye kopo la mkaa, hamna. Mshale wa mashine haukutulia, yaani mahali fulani unatoka, lakini wapi? Nikaona mabega ya Pua yanaanza kushuka. Hapo Mama Maktaba akanyoosha kidole kwenye mlango wa nyuma uliokuwa wazi.

Katikati ya kiti cha nyuma, kwenye mshono, uzi wa moshi mweupe ulikuwa unapanda. Mwembamba, umetulia, kama moshi wa udi. Pale pale ambapo mtoto angelazwa.

Nikaingia nikakiinua kiti, maana ni mimi ninayejua kinavyotoka. Chini yake kuna kifuniko cha bati kinachoziba tundu la juu ya tenki. Kilikuwa kimekaa upande. Chini ya kifuniko, mpira mdogo wa mvuke umepasuka kwenye kona, na moshi unatokea humo. Petroli yenyewe haipiti huko, unapita mvuke tu, ndiyo maana ardhi ilikuwa kavu.

"Mpira umechoka, huo ni umri," akasema Pua. "Lakini kifuniko hiki kingekuwa kimefungwa, mvuke usingeingia ndani hivi. Kina matundu manne ya skrubu. Naona mbili. Mbili ziko wapi?"

Nikaanza kutafuta tochi ambayo nilikuwa nimeishika.

"Shemeji. Skrubu mbili ziko wapi?"

Sasa ufanyeje? Wakati nashona kile kiti, nilipokuwa nakirudisha, skrubu mbili za kwenye egemeo zilinipungukia. Hapo karibu kulikuwa na kifuniko cha bati chenye skrubu nne, hakiendi popote, hakikaliwi na mtu. Nikasema, hiki mbili zinakitosha. Ndiyo akili yetu sisi washonaji, tunaangalia kinachokaliwa tu.

"Ziko kwenye egemeo," nikasema. "Zilinipungukia."

Mama Maktaba akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo mmenigawana," akasema. "Huyu kaifungulia njia, huyu kasema haipo."

Pua akacheka. Alianza kidogo kidogo, halafu akashindwa, akajishikilia mlango, anapiga bati la gari kwa kiganja. Wiki tatu sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na nilijua ananicheka mimi, na nilimwacha. "Sisi wengine tunapumua tu!" akanirudishia, na hapo akaanza upya.

Mpira mpya ukafungwa na klipu mbili. Kifuniko kikapata skrubu nne, nilizitoa kwenye kopo langu mwenyewe, na ningeweza kutia sita ningetia. Tukapuliza moshi tena. Mshale ukapanda, ukakaa pale pale. Hakuna kilichochungulia popote.

Mdogo wangu akafika tukiwa tunanawa. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo masikio ni mazima?"

"Mazima, mke wangu."

"Yote mawili?"

"Yote."

"Basi nilipokuwa nasema bomba la jikoni linavuja, ulikuwa unanisikia."

Pua akatazama chini. Akamwambia tu kesho atalitengeneza, na Jumatatu watakwenda wote kwa daktari wa pua. Mdogo wangu akamfuta grisi shavuni kwa ncha ya kanga.

Kilibaki kipimo cha mwisho, na hicho Mama Maktaba alisema hataki mashine. Akaingia ndani ya gari lake, kiti cha nyuma, akafunga mlango, akapandisha vioo vyote. Jua lilikuwa limeshapoa kiasi, tenki bado lina joto. "Dakika kumi," akasema. Tukasimama nje watatu, mikono kifuani, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Dakika ya tatu alikuwa anavuta hewa, tunamwona. Dakika ya tano ameegemea. Dakika ya saba kichwa kimelala begani, mdomo umefunguka kidogo, hatikisiki.

"Shemeji," nikasema.

Alikuwa ameshaona. Aliruka na kuukwapua mlango, akaingia nusu mwili, akamshika bega. "Mama! Mama!"

Mama Maktaba akafungua macho, amekasirika kama mtoto aliyeamshwa. "Mbona mnanipigia kelele? Nimekesha hospitali siku tatu. Ndiyo kwanza nimepata usingizi."

Pua akapiga magoti palepale mlangoni, akalaza kichwa kwenye kile kiti nilichoshona. "Mama," akasema, anahema, "unasikia nini?"

Mama Maktaba akajiinua, akafumba macho, akavuta hewa polepole, ya kutosha, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Nasikia jasho," akasema.

"Jasho la nani?"

"Lako."

"Ahsante, mama," akasema Pua. "Ahsante sana."